Skrini ya 3270 Imeganda: Kutafuta Hitilafu za Mtandao wa Kompyuta Kuu Ukiwa Unguja au Pemba

Mwongozo huu ni wa mafundi wa Unguja na Pemba ambao ofisi zao hufanya kazi kwenye kompyuta kuu (mainframe) iliyo ng'ambo kwa kutumia programu ya 3270, inayoigiza skrini za zamani za IBM. Ni wa vijana wetu pia walioajiriwa kuihudumia mashine yenyewe wakiwa hapa hapa visiwani. Nimechukulia kwamba mashine ni IBM Z inayoendesha z/OS, mfumo endeshi wake. Matatizo nimeyapanga kwa maneno ya wanaoyaleta, kwa sababu hakuna mtumiaji anayepiga simu kusema paketi zake ni kubwa mno. Husema, "Fundi, inafunguka nusu halafu inasimama."

Kabla ya lolote: uliza saa, uliza wangapi

Mtu akikwambia "imekatika saa nne", ana maana ya 10:00 kwa saa za Afrika Mashariki. Kumbukumbu za kompyuta kuu huenda zimeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, na huko saa hiyo hiyo ni 07:00. Mashine ikiwa London wakati wa kiangazi chao, ni 08:00. Ripoti nyingi hurudi na jibu la "hatukuona kitu" kwa sababu tu aliyetazama alitazama saa nyengine. Andika tarehe, saa kwa UTC, na anwani ya IP ya kompyuta iliyolalamika. Hayo matatu yana thamani kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Kisha uliza ni wangapi. Akiwa mmoja, anza na kompyuta yake na waya wake. Chumba kizima kikikwama, nenda kwenye swichi na ruta. Ofisi ya Mjini na ya Chake Chake zikilalamika kwa dakika ile ile, usihangaike na waya za ofisini. Tatizo liko kwenye njia ya pamoja au ng'ambo.

Kwenye konsoli ya z/OS, amri zinazoanza na `D` huonyesha tu, zinazoanza na `V` hubadilisha. Tumia `D` upendavyo. `V` usiiguse mpaka ujue kwa hakika unachobadilisha, namna ya kukirudisha, na nani aliyekuruhusu. Ukikuta RACF, mlinzi wa ruhusa wa z/OS, inakukatalia `V TCPIP`, hapo ndipo mpaka wa kazi yako ulipo. Usiazime jina la kuingilia la mwengine.

"Haiunganishi kabisa"

Soma namna inavyokataa. Ikikataa papo hapo, paketi zako zimefika kwenye mashine, au kwenye fayawoli iliyo mbele yake, na zimerudishwa: hakuna anayesikiliza kwenye poti (mlango wa huduma) hiyo, au fayawoli imeikataza. Ikingoja muda mrefu ndipo ikate tamaa, paketi zimepotea njiani au zimetupwa kimya kimya. Ukiwa upande wa z/OS na unajaribu kutoka nje, tofauti hiyo huiona kwenye ujumbe: `EDC8128I` ni kukataliwa, `EDC8127I` ni muda kwisha.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni ya hapa hapa. Tazama anwani ya kompyuta. Ikianza na 169.254, haijapewa anwani na DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, kwa hiyo tatizo halijatoka hata nje ya chumba. Chomoa plagi ya kebo uitazame kwa karibu. Hewa yetu ya chumvi hula miguu ya shaba, hasa kwenye majengo yanayoelekea bahari, na plagi yenye kutu huweza kuwasha taa ya swichi huku ikipoteza paketi. Ikate, uweke mpya. Usiisugue kwa kisu.

Anwani na plagi zikiwa salama, jaribu jina peke yake, kisha anwani ya IP peke yake. Programu ikiunganisha kwa anwani ya IP lakini si kwa jina, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza jina kuwa anwani. Kwenye Windows amri hii hukupa jibu la jina na la poti kwa pamoja:

`Test-NetConnection jina-la-mashine -Port 992`

Poti 23 ni ya Telnet (njia inayobeba skrini ya 3270) ya kawaida, na 992 ndiyo iliyotengwa kwa Telnet yenye usimbaji. Ofisi yako inaweza kupewa nyengine, kwa hiyo thibitisha kwanza. Kampuni ya ng'ambo ikifunga poti 23 na kubakisha 992, ofisi ambayo haikupata taarifa huamka asubuhi imekatika. Wamefanya sawa kuifunga, maana kwenye 23 isiyosimbwa nywila hupita wazi kwa yeyote aliye njiani.

Upande wa mashine, ukiwa na TSO, sehemu ya kuandikia amri za z/OS:

`NETSTAT CONN (PORT 992`

Unatafuta mstari wenye hali ya `Listen`. Usipouona, seva ya TN3270, inayopokea miunganisho hiyo, haijawashwa au imeshindwa kuichukua poti. Tazama `NETSTAT PORTLIST` uone poti imewekewa kazi gani. Kuiwasha tena seva hiyo si kazi ya fundi wa ofisi: mpigie msimamizi wa mfumo.

"Nimetoka kuswali, nimerudi imeganda"

Hili ndilo lalamiko ninaloliona kuwa linaeleweka vibaya kuliko yote. Watu huondoka saa saba kwa Adhuhuri, au Ijumaa kwa muda mrefu zaidi, na wakirudi skrini ipo kama walivyoiacha. Wakibonyeza Enter, alama ya X inatokea chini kwenye mstari wa hali na haiondoki. Wanazima programu, wanafungua upya, na mara nyengine wanaambiwa jina lao la LU, yaani jina ambalo kompyuta kuu huitambulia skrini yao, linatumika.

Kinachotokea ni hiki. Muunganisho wa TCP usiopitisha kitu hautumi chochote. Katikati ya njia kuna fayawoli au ruta inayotafsiri anwani, na kifaa hicho hukumbuka kila muunganisho kwa muda fulani tu. Muda ukipita bila paketi, husahau. Kompyuta yako haijui, na kompyuta kuu haijui. Kila upande unaamini mwenzake yupo. TCP ikiwashiwa ishara ya uhai, kwa kawaida huituma baada ya saa mbili za ukimya, na kwenye z/OS muda huo ni dakika 120 mpaka ubadilishwe. RFC 5382 ya mwaka 2008 (waraka wa viwango vya intaneti) inavitaka vifaa vinavyotafsiri anwani visisahau muunganisho ulio hai kabla ya saa 2 na dakika 4, ili ishara hiyo iwahi. Vifaa vingi vimewekewa muda mfupi mno kuliko huo.

Kwanza tofautisha mambo mawili yanayofanana. Programu ikisema wazi kwamba muunganisho umefungwa, huenda kompyuta kuu imeufunga kwa makusudi kupitia `INACTIVE`, ambayo ni idadi ya sekunde za ukimya zinazoruhusiwa. Hiyo ni kinga. Mtu akiondoka kwenye meza yenye akaunti za wateja, skrini haifai kubaki wazi. Usiombe iwekwe 0 ili watu wasilalamike. Waeleze watumiaji kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Skrini ikiganda bila neno lolote, hapo ni fayawoli iliyosahau.

Dawa ya kwanza iko kwenye programu ya 3270. Nyingi zina mpangilio wa kutuma ishara ya uhai kila baada ya dakika kadhaa, na ukiuwasha kwenye kompyuta zote za ofisi, tatizo huisha mara nyingi bila kumuomba mtu wa ng'ambo chochote. Ya pili ni kuongeza muda wa fayawoli ya ofisi, ikiwa ni yenu. Ya tatu iko kwenye mashine: `TIMEMARK` na `SCANINTERVAL` ndani ya `TELNETPARMS`, sehemu ya mipangilio ya seva ya TN3270, zote kwa sekunde. Kila baada ya `SCANINTERVAL` seva hukagua miunganisho. Uliokaa kimya kupita `TIMEMARK` huulizwa kama bado uko hai, na usiojibu hufungwa. `TIMEMARK` na `SCANINTERVAL` kwa jumla zikiwa fupi kuliko muda wa fayawoli, swali lenyewe huifanya fayawoli ikumbuke.

Ishara ya uhai haimwongezei mtumiaji muda wa `INACTIVE`, kwa kuwa huo huhesabu kazi halisi. Kwa hiyo unaweza kurekebisha kuganda bila kulegeza ulinzi, na hoja hiyo uipeleke kwa mkaguzi mapema kabla hajauliza.

Kuhusu LU inayodaiwa kutumika: muunganisho wa zamani bado umeishikilia. Utaukuta kwa `NETSTAT CONN` ukiwa na anwani ya mtumiaji yule yule, na msimamizi anaweza kuuondoa kwa `V TCPIP,,DROP,CONN=` ikifuatiwa na namba yake. Likijirudia, mwombe afikirie `TKOSPECLU`, inayomruhusu mtumiaji aichukue tena LU yake. Namba ya muunganisho isomwe mara mbili kabla ya kubonyeza, maana ukikosea tarakimu moja unamkata mtu mwengine aliye katikati ya malipo.

"Naingia vizuri, nikifungua orodha ndefu inasimama"

Skrini ya kuingilia inakuja, jina na nywila vinakubaliwa, menyu inaonekana. Ukiomba orodha iliyojaa, kimya. Dalili hii karibu siku zote ni ukubwa wa paketi.

Skrini ya kawaida ya 3270 ina mistari 24 ya herufi 80, yaani nafasi 1,920. Skrini ya kuingilia huwa tupu kwa sehemu kubwa, nayo husafiri kwa baiti mia chache. Orodha iliyojaa, pamoja na rangi zake, huhitaji paketi zilizojaa. Ikiwa njia inapitisha baiti 1,500 mwanzo wake lakini katikati kuna kipande chembamba, kama PPPoE (njia ya kuunganisha ya baadhi ya watoa intaneti) yenye 1,492 au VPN inayokula zaidi ya hapo, paketi kubwa haiwezi kupita. Ruta ya kipande hicho hutakiwa kurudisha ujumbe wa ICMP (ujumbe wa kuarifu hali ya mtandao, ambao ping nayo huutumia) kusema "punguza". Fayawoli nyingi huzuia ICMP yote kwa kudhani ndiyo usalama, na ujumbe haufiki. Mtumaji anaendelea kutuma paketi ile ile kubwa, na inaendelea kupotea.

Pima. Kwenye Windows:

`ping -f -l 1472 jina-la-mashine`

Data 1,472 na vichwa vya baiti 28 hufanya 1,500. Ikishindwa, shuka: 1464, 1420, 1372, mpaka ipite. Ongeza 28 kwenye namba iliyopita, na huo ndio upana wa njia yako. Kama hata ping ndogo haijibiwi, ICMP imezuiwa na kipimo hiki hakitakufaa.

Rekebisha kwenye ruta ya ofisi kwanza, kwa kuiamuru ipunguze MSS (kiasi cha data kinachoruhusiwa kwa kila paketi) ya miunganisho ya TCP inayopita. Kwa njia ya 1,492, MSS ni 1,452. Kwa z/OS, kuna `IPCONFIG PATHMTUDISCOVERY`, inayotafuta yenyewe upana wa njia, lakini haisaidii ICMP ikiwa imezuiwa. Kilicho salama zaidi ni kupunguza `MTU`, ukubwa wa juu wa paketi, kwenye mstari wa `ROUTE` unaoelekea mtandao wenu peke yake, siyo kwenye kadi nzima ya OSA (kadi ya mtandao ya kompyuta kuu) inayohudumia nchi nyengine.

Tatizo likianza ghafla kwa kila mtu baada ya matengenezo ng'ambo, uliza kama MTU ya kadi ya OSA imepandishwa kutoka 1492 hadi 8992 huku swichi zao zikiachwa kama zilivyokuwa. Hilo lazima walishughulikie wao.

"Leo nzito"

Usiseme laini ni mbovu kabla ya kupima. Mwanga kwenye nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mashine iliyo kilomita 7,000 haiwezi kukujibu chini ya milisekunde 70, na njia halisi huwa ndefu kuliko mstari ulionyooka. Kupitia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu, hesabu ni karibu nusu sekunde kila unapobonyeza Enter. Andika kipimo cha siku njema ukibandike karibu na ruta, upate cha kulinganisha.

3270 ni mvumilivu. Hujaza fomu nzima papo hapo kwenye kompyuta na kutuma kwa mkupuo unapobonyeza Enter, kwa hiyo ucheleweshaji peke yake hauifanyi isiwezekane. Ikiwa nzito mno, shuku paketi zinazopotea. Tuma ping mia moja uhesabu zisizorudi. Zikipotea kati yako na ruta, sababu ya mara kwa mara Mji Mkongwe ni Wi-Fi inayolazimishwa kupenya kuta nene za mawe: vuta waya. Inayofuata ni upande mmoja wa kebo kuwekewa duplex nusu (kutuma na kupokea kwa zamu) na mwengine kamili (vyote kwa pamoja).

Zikipotea mbali, au muda ukipanda bila kupotea kitu, tazama habari za kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja na Tanzania ilihisi kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo mawasiliano yaliyobaki huzunguka njia ndefu, na hakuna mpangilio wa ofisini utakaoyafupisha. Zuia masasisho na video, ubakishe kazi za lazima.

Uhamishaji wa mafaili huathirika zaidi kuliko skrini. Dirisha la TCP (data inayoweza kutumwa kabla ya kungoja jibu) la baiti 65,536 kwenye njia ya milisekunde 200 halipitishi zaidi ya kama megabiti 2.6 kwa sekunde, hata ukinunua laini ya megabiti mia. Hapo ndipo `TCPSENDBFRSIZE` na `TCPRCVBUFRSIZE` za `TCPCONFIG`, zinazopanga ukubwa wa akiba za kutuma na kupokea, zinapostahili kutazamwa. Kwa muunganisho mmoja, `NETSTAT ALL (IPADDR` pamoja na anwani yako huonyesha muda wa kwenda na kurudi na mara ngapi data imetumwa upya. Nambari hizo ndizo za kumpelekea msimamizi.

"Jana ilifanya kazi, leo inasema si salama"

Anza na saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao ikifa, umeme ukikatika usiku kompyuta huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na kila cheti (kithibitisho cha kidijitali cha seva) huonekana batili. Saa ikiwa sahihi, cheti cha seva huenda kimekwisha muda, au programu yako ni ya zamani. TLS 1.0 na 1.1 (njia za zamani za usimbaji) ziliondolewa rasmi kwa RFC 8996, Machi 2021, na kampuni makini hazizikubali tena.

Kwenye z/OS tafuta ujumbe `EZD1287I`. Namba 401 ni cheti kilichokwisha au ambacho muda wake haujaanza, 402 ni kutokukubaliana kwa njia za usimbaji. Usizime ukaguzi wa cheti kwenye programu ya 3270 ili kazi iendelee, hata meneja akikusimamia kichwani. Ukifanya hivyo, hutajua tena unayempa nywila ni nani.

"Imeunganisha, lakini hakuna kitu"

Wa mwanzo wanaingia, wanaochelewa wanapata skrini tupu au wanakatwa. Hesabu LU. Kama `DEFAULTLUS`, orodha ya LU zinazogawiwa watumiaji, ina `TCP00001..TCP00030`, mtu wa 31 hana nafasi, na miunganisho iliyoganda niliyoieleza juu hushika nafasi bila mtu. Ofisi ikipanuka, safu ipanuliwe, na VTAM, sehemu ya z/OS inayosimamia LU, iwe na ufafanuzi unaolingana. `D NET,ID=TCP00031` itakwambia kama VTAM inaijua.

"Tumebadilisha kitu kimoja, vimepotea kumi"

Hii ni ya vijana walioajiriwa kuhudumia mashine. `V TCPIP,,OBEYFILE,DSN=` hubadilisha mpangilio wa TCP/IP inayoendelea kufanya kazi bila kuizima. Ina nguvu, na ina tabia mbili zinazowaumiza wageni.

`BEGINROUTES` ndani ya faili hiyo haiongezi njia, hufuta njia zote za kudumu zilizokuwepo na kuweka ulizoandika. Ukitaka kuongeza njia ya Wete na ukaandika mstari huo mmoja tu, umewakata wengine wote. `HOME` nayo hubadilisha orodha nzima ya anwani za mashine kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo andika orodha kamili, hata kama unagusa mstari mmoja.

Tabia ya pili: mabadiliko ya `OBEYFILE` hayaingii kwenye `PROFILE` yenyewe, faili ya mipangilio inayosomwa TCP/IP inapowashwa. TCP/IP ikiwashwa upya, hupotea, na hitilafu uliyoitibu hurudi wakati hakuna anayekumbuka ulifanya nini. Na ukibadilisha upande wa TN3270, waliokwisha kuunganishwa hubaki na mpangilio wa zamani mpaka watoke, kwa hiyo usipime kwa mtu ambaye hajatoka.

Kabla ya kutekeleza, hifadhi matokeo ya `NETSTAT HOME` na `NETSTAT ROUTE`, tayarisha faili ya kurudisha, na kagua maandishi kwa `V TCPIP,,SYNTAXCHECK`. Ukaguzi huo huona makosa ya uandishi tu. Njia uliyoisahau hauioni.

Usifanye mabadiliko ya njia kupitia muunganisho unaopita kwenye njia hiyo hiyo bila mtu kukaa kwenye konsoli ng'ambo. Ukijikata, huna namna ya kurudi. Ufuatiliaji wa paketi kwa `PKTTRACE` nao uachie msimamizi, na uwe na kichujio cha anwani: bila kichujio hukusanya mawasiliano ya kila mtu, zikiwemo taarifa ambazo huna haki ya kuziona.

Wakati wa kuacha na kupiga simu

Acha mara moja ukiona anwani ya kompyuta kuu inajibiwa na kifaa kisichojulikana, cheti kimebadilika bila taarifa, au miunganisho inatoka anwani ambazo si za ofisi zenu. Hayo ni ya watu wa usalama, na kila unachogusa kinaweza kufuta alama. Acha pia hitilafu inapohusu OSA, OMPROUTE (inayopanga njia kiotomatiki), au Enterprise Extender, ile inayobeba SNA, mtandao wa zamani wa IBM, juu ya UDP kwenye poti 12000 hadi 12004. Kwa hiyo ya mwisho, kazi yako ni kuhakikisha ruta yenu haizuii poti hizo tano, basi.

Unapopiga simu, uwe na saa kwa UTC, anwani ya IP kama inavyoonekana ng'ambo na siyo ile ya ndani ya 192.168, jina la LU, ujumbe wa hitilafu ulionakiliwa herufi kwa herufi, matokeo ya tracert (orodha ya ruta za njiani), na ukubwa wa ping uliopita. Sema pia ulichokwisha kubadilisha upande wako, hata kama unadhani hakihusiki.